Ujiji: king'amuzi cha antena kinaganda kila jioni, nguvu 88 ubora 20, busta mbili zimeshafungwa. Msaada wakuu

MwishoWaReli (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Naomba nieleze kwa kirefu maana nyuzi nyingi za ving'amuzi humu mtu anaandika mistari miwili, anajibiwa "elekeza antena vizuri", uzi unafia hapo.

Nyumba ni ya mama yangu, Ujiji, nyumba ya bati ya kawaida. King'amuzi ni cha antena sio cha dishi. Bi mkubwa hana habari na tamthilia wala mpira, anachotaka ni taarifa ya habari saa mbili usiku basi. Sasa tangu mvua zianze hizi picha inaganda. Asubuhi inajitahidi, mchana inakatakata, ikifika saa moja jioni ndo haitazamiki kabisa, mtangazaji anafungua mdomo anagandia hapohapo, uso unakuwa vijiboksi vijiboksi, sauti inakwaruza, mara kioo cheusi na maandishi kwamba hakuna mawimbi.

Niliita fundi akasema tatizo busta, yaani kile kifaa cha kukuza mawimbi, tukafunga moja nyuma ya TV. Haikusaidia. Akasema ile ndogo, tukafunga nyingine juu kwenye mlingoti, hapo nguvu ya mawimbi ikapanda hadi 88 nikafurahi, lakini ubora uko 20, saa nyingine 0. Juzi kaniambia king'amuzi kimekufa ninunue kipya. Mpaka sasa nimetoa karibu elfu tisini na jirani nyumba ya tatu ana king'amuzi kilekile cha kampuni ileile na kwake kinaonyesha kama kioo!

Kinachoniuma sio hela. Bi mkubwa jana kazima TV mwenyewe kanambia "acha tu mwanangu, nitasikiliza redio". Naomba anayejua haya mambo kwa undani anisaidie, nipo tayari kupanda bati mwenyewe.

DagaaMkavu

Pole mkuu. Mvua hizi kila mtu analia. Vuta dishi usahau.

MwishoWaReli

Dishi ni gharama nyingine mkuu, na jirani anatumia antena hiyohiyo inakubali. Nataka kujua kwake kuna nini ambacho kwetu hakuna.

FundiMwanga

Mleta uzi umefanya vizuri kuandika namba zote mbili, wengi wanaleta ile ya nguvu tu. Hapo penye nguvu 88 na ubora 20 ndo jibu lako lilipo, naomba unisome taratibu.

Nguvu ni wingi wa kinachoingia kwenye king'amuzi, kiwe mawimbi ya TV, kelele, takataka za mnara wa simu, chochote. Ubora ni kiasi gani king'amuzi kinaelewa kinachoingia. Chukua mfano wa mtu anaongea na wewe pale sokoni Mwanga siku ya watu wengi, ukimpa spika kubwa ile spika inachukua sauti yake pamoja na kelele za soko lote, utasikia kwa nguvu ila huelewi anasema nini. Busta ndo ile spika. Haisafishi kitu, inakuza ilichokikuta, na inaongeza na kelele yake kidogo juu.

Na busta mbili zikifuatana ni hatari zaidi. Ya kwanza inakuza, ya pili inapokea kitu kilichoshakuzwa inazidiwa, ikizidiwa inaanza kuchanganya masafa na kutengeneza uchafu ambao haukuwepo. Ndo maana unaona namba ya nguvu inapaa na picha inakufa.

Tena busta ya nyuma ya TV hata kama ingekuwa moja imekaa pabaya. Mawimbi yanapungua njiani kwenye waya, yakifika kwenye TV yameshachoka na kelele imeshaingia, ukikuza hapo unakuza uchovu. Busta kama inahitajika kweli inakaa juu karibu na antena, kabla ya waya mrefu. Wengi wetu hapa mjini haihitajiki.

Fanya hivi kabla hujatoa senti nyingine. Leo usiku beba king'amuzi chenu peleka kwa huyo jirani, chomeka kwenye waya wake, angalia namba. Ni dakika kumi na ni bure. Kikionyesha kwake basi hakijafa na usikinunue kingine kwa maneno ya mtu.

Halafu chukua daftari. Badilisha kitu kimoja, andika namba, ndo uende kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mkupuo, hata ikipona hujui umeponyesha nini, ikirudi unaanza upya.

Katubuka_Juu

Naunga tela hapa, mimi pia nguvu 90 ubora unarukaruka.

MwishoWaReli

Fundi asante sana. Nimetoka kwa jirani sasa hivi. King'amuzi chetu kwake: nguvu 61 ubora 75! Hakijafa. Yeye hana busta hata moja. Nguvu yake ndogo kuliko yetu na picha haigandi hata kidogo. Nimekaa nikaangalia taarifa yote ya saa mbili pale.

FundiMwanga

Safi, king'amuzi umeshakiondoa kwenye kesi. Sasa toa ya nyuma ya TV, andika. Halafu toa ya mlingotini, ila sikiliza hapa watu wanapokosea: usichomoe adapta yake tu. Busta isiyo na umeme inazuia mawimbi yasipite. Ifungue kabisa, unganisha waya wa antena moja kwa moja na waya unaoshuka. Na kama kwenye menyu ya king'amuzi kuna sehemu ya kuwasha umeme wa antena, ule wa volti 5, zima.

Mgebuka_Mbichi

Jamani samahani naingilia, mimi nina TV niliuziwa mtumba, nyuma imeandikwa ni ya dijitali, nikichomeka antena bila king'amuzi natafuta chaneli haipati hata moja. Antena ni nzuri maana king'amuzi kikichomekwa kinapata. Tatizo nini?

FundiMwanga

Dijitali ziko nyingi ndugu yangu. Hapa kwetu mitambo ya antena inatumia mfumo unaoitwa DVB-T2, toleo la pili. TV ya zamani inaweza kuwa na DVB-T ya kwanza peke yake na hiyo haisomi T2 hata ukiipandisha juu ya mnara. TV iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani au Japani ndo kabisa, wana mifumo yao mingine. Angalia kwenye lebo ya nyuma au menyu kama pana T2. Kama haipo endelea na king'amuzi. Na hata ikiwa na T2 itakupa zile za bure tu, zilizofungwa zinataka king'amuzi cha kampuni yenyewe.

MzeeWaStesheni

Vijana nawasoma. Niongeze moja ambalo vijana hamkulipata. Enzi za analojia mawimbi yakiwa mabovu ulikuwa unaona chenga, picha inakuwa na theluji lakini unaendelea kutazama, mtu alizoea. Tangu tuhamie dijitali, na Dar es Salaam walizima analojia usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mikoa mingine ikafuata kwa awamu, hakuna tena chenga. Dijitali inakupa picha safi mpaka ubora unapogusa mpaka fulani, ukishuka chini yake kidogo tu picha inadondoka yote. Kwa hiyo mtu anasema "jana ilikuwa nzuri kabisa leo imekufa, kwa hiyo kuna kitu kimeharibika leo". Sio leo. Inawezekana ilikuwa imesimama ukingoni miezi sita, mvua ikaisukuma kidogo.

MwishoWaReli

Mzee hapo umenielezea maisha ya ile TV tangu mwaka jana. Ilikuwa inaganda mara moja moja tukawa tunapuuza.

Ripoti ya leo Jumamosi, zote saa tano asubuhi, chaneli ileile:

Busta zote mbili, nguvu 88 ubora 22.
Ya nyuma ya TV imetoka, nguvu 74 ubora 38.
Zote zimetoka, nguvu 55 ubora 44.

Yaani nimetoa vitu vya elfu tisini na ubora umeongezeka mara mbili. Sina la kusema. Lakini 44 bado inaganda ganda.

FundiMwanga

Vizuri. Sasa tunatafuta kati ya antena na waya nani mgonjwa. Una ndugu mwenye TV ndogo ya sola, zile za volti 12 zenye T2 ndani? Ziko nyingi sana vijijini huku. Azima hiyo na betri yake. Kwanza ichomeke sebuleni kwenye waya wenu, andika ubora. Halafu ibebe mpaka juu kwenye mlingoti, ichomeke kwenye antena kwa kipande kifupi cha waya, mita moja na nusu hivi. Usilinganishe namba zake na za king'amuzi, kila kifaa kina vipimo vyake, TV hiyo uilinganishe na yenyewe.

Na naomba, kabla hujapanda angalia nyaya za umeme zinazoingia nyumbani ziko upande gani. Usisimamishe bomba la chuma karibu nazo. Na mawingu yakiwa yametanda usipande, bati likiwa limelowa usipande.

Mama_Pacha

Hilo la radi nalisisitiza kwa uchungu. Mkoa wetu radi zake mnazijua. Kwa dada yangu radi ilipiga karibu tu, sio juu ya nyumba, ikapita kwenye waya wa antena TV na king'amuzi vyote vikaungua, mtoto alikuwa ametoka hapo mbele dakika chache. Mvua ikianza kunguruma chomoa waya wa antena na wa umeme vyote viwili, kuzima kwa rimoti haitoshi. Na mlingoti wa chuma upate waya wa kwenda ardhini kutoka kwa fundi umeme anayejua.

Unyanyembe

Nawasalimu kutoka Tabora. Huku kwetu nchi tambarare hakuna mlima wa kukuzibia, tatizo letu ni umbali, mtu yupo nje ya mji huko kwenye misitu ya miombo anataka chaneli kwa antena ya mezani. Kwa hao antena ndefu juu kabisa na busta moja mlingotini ndo inaokoa. Kwa hiyo FundiMwanga usiwatishe watu na busta zote, kuna sisi tunaishi kwa hizo.

FundiMwanga

Sahihi kabisa, sipingi. Mtu aliye mbali na mtambo, ubora mdogo na nguvu ndogo vyote pamoja, anastahili busta moja nzuri juu. Ninachokataa ni kumfungia busta mtu aliye mjini mwenye waya mbovu. Huku kwetu mtu anaweza kuwa kilomita tatu kutoka kwenye mtambo na hapati kwa sababu kilima kimekaa katikati. Mawimbi haya ya UHF, yaani masafa ya TV za antena, yanataka njia nyeupe, yanapinda kidogo sana.

Kibirizi_Ziwani

Hapo kwenye kilima ndo mimi. Nyumba iko chini kabisa kuelekea ziwani, nyuma mlima. Majirani wengi hapa antena zao zimeangalia kila upande, nani wa kumfuata?

FundiMwanga

Mfuate mwenye king'amuzi cha kampuni yako tu, maana kampuni mbalimbali zinaweza kurusha kutoka sehemu tofauti. Ukimfuata wa kampuni nyingine unaweza kuelekeza mgongo. Angalia pia miiba ya antena yake imelala au imesimama, ukilaza wakati mawimbi yanakuja yamesimama unapoteza sehemu kubwa sana.

Na kwako wewe wa chini ya mlima, usiogope kujaribu upande usio wa mtambo. Mara nyingine mawimbi yanagonga mlima wa pembeni yanarudi, na yaliyorudi yanakuwa mazuri kuliko ya moja kwa moja yaliyozibwa. Dijitali hii inavumilia mwangwi, ilimradi usichelewe kupita kiasi kilichopangwa, na kila mita 300 za ziada ni kuchelewa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Zungusha antena nyuzi kumi kumi, subiri sekunde tano kila pahala, namba ya ubora inachelewa kubadilika. Watu wanazungusha kama feni halafu wanasema hakuna kitu.

DagaaMkavu

Ila ziwani kuna mambo. Kuna jioni redio za Burundi na Kongo zinaingia kama ziko Lumumba hapa, kesho yake hamna. Je hiyo haiwezi kuwa ndo inamsumbua mleta uzi? Yeye pia ni jioni.

FundiMwanga

Swali zuri. Ni kweli juu ya maji hewa ikijipanga tabaka ya joto juu ya baridi mawimbi yanasafiri mbali kuliko kawaida na yanaweza kuja kugongana na ya kwetu kama masafa ni yaleyale. Ila hiyo inakuja siku fulani inaondoka, na ingemgusa na jirani yake pia. Tatizo linalokuja kila siku saa moja kamili kwenye nyumba moja peke yake, litafute ndani ya hiyo nyumba.

MwishoWaReli

Jumapili. Nimepata TV ya sola ya mpwa wangu wa Mwandiga, kaja nayo kwenye boda.

Sebuleni kwenye waya wetu: ubora 41.
Juu mlingotini, kipande kifupi: ubora 70.

Waya! Nikafuata waya wote kwa mkono kuanzia juu. Konekta ya juu nilipoifungua imetoka maji, sio unyevu, maji yamedondoka. Zile nyuzi za nje za waya zimekuwa nyeusi. Nikaendelea, ndani ya dari nikakuta kiungo, mtu amekata waya, akasokota shaba kwa shaba, akasokota na nyuzi za nje, akazungushia tepu nyeusi. Shaba imekuwa kijani. Na waya wenyewe ule mwembamba, ukiuchuna nyuzi za kinga za kuhesabu. Bi mkubwa ananiambia hicho kiungo kiliwekwa walipohamisha TV kutoka chumba cha pili, miaka minne hiyo.

Wote waliokuja hapa kutengeneza hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye dari.

FundiMwanga

Ndugu yangu hicho kiungo ulichokiona nakikuta nyumba saba katika kumi ninazoenda, sitanii. Waya wa antena sio waya wa taa. Umbo lake ndo kazi yake, shaba katikati, plastiki nyeupe ya unene maalum, kinga kuizunguka pande zote, ndo inakuwa omu 75 mwanzo hadi mwisho. Ukiusokota pale mahali mawimbi yanagonga yanarudi nyuma, kelele inaingia, na maji yakiingia ndani ya kinga yanatembea kama kwenye mrija, mita nyingi.

Nunua waya wa antena unaoitwa RG6, kipande kimoja kutoka juu hadi kwenye king'amuzi bila kiungo. Hiyo inapoteza kama desibeli 18 hadi 20 kwa mita 100 kwenye masafa haya, kwa hiyo nyumba ya mita 18 unapoteza kama tatu na nusu tu. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu, lakini kwa mtu wa mjini hiyo inavumilika. Ukiuchuna uone karatasi ya alumini pamoja na nyuzi nyingi za kusuka. Konekta za kusokota zile za F, hakikisha hakuna unywele hata mmoja wa nyuzi za nje unaogusa shaba ya kati, shaba ichomoze milimita tatu hivi. Juu funika kwa tepu ya mpira kuanzia chini kupanda juu ili maji yateleze, na kabla waya haujaingia ndani ya nyumba uachie ushuke uwe kama tumbo kidogo, maji yadondokee pale yasifuate waya kuingia ukutani. Usiukunje kona kali, wala usiupigilie misumari kuubana.

Na kama kuna spilita ya kugawa TV mbili itoe kwanza, ile ya njia mbili inachukua zaidi ya nusu.

Katubuka_Juu

Nimeshuka dari yangu kwa ajili ya huu uzi. Viungo viwili. Viwili!

MwishoWaReli

Jumatatu jioni. RG6 mita 18, kila mita shilingi elfu moja na mia mbili, na konekta mbili. Nimefunga mwenyewe kama ulivyosema fundi. Saa kumi alasiri, bila busta yoyote, king'amuzi chetu: nguvu 63 ubora 68. Bi mkubwa kaita na jirani zake.

Saa moja na dakika tano: ubora 31. Ikaganda tena mbele ya wageni. Nimechoka wakuu, nasema ukweli.

FundiMwanga

Usichoke, umebakiza kidogo. Saa moja hapo kwenu mnawasha nini?

MwishoWaReli

Taa tu. Ya sebuleni, ya barazani, ya nje ya ulinzi.

FundiMwanga

Chukua tena ile TV ya sola, ichomeke kwenye waya mpya, zima swichi kuu ya nyumba nzima. Soma ubora. Halafu washa umeme na uwashe kitu kimoja kimoja.

MwishoWaReli

Nimefanya saa hii, nyumba giza tupu, mpwa wangu ameshika tochi. Swichi kuu imezimwa: 69. Umeme umerudi, taa zote zimezimwa: 69. Ya sebuleni: 69. Ya barazani: 68. Ya nje ya ulinzi: 33!! Nimezima nimewasha mara sita, kila mara. Ni taa ya LED ya bei rahisi, imefungwa chini ya paa palepale mlingoti ulipo, na waya wake umepanda sambamba na wa antena.

FundiMwanga

Umeikamata. Ndani ya LED za bei rahisi kuna kasakiti kanakokatakata umeme kwa kasi kubwa, zilizotengenezwa vizuri zina vichujio vya kuzuia ule uchafu usitoke, hizi nyingine wamevitoa kuokoa gharama. Chaja mbovu za simu na inveta za sola zinafanya hayohayo. Taa ikiwa mbali na antena huoni tatizo, yako ilikuwa imekaa kwenye kwapa la antena. Badilisha taa, na uihamishe upande mwingine wa nyumba, waya wa umeme na wa antena usivifunge pamoja.

Mama_Pacha

Hii ya taa sikuwahi kuifikiria hata siku moja. Nazima ya kwangu sasa hivi nione.

Mama_Pacha

Kwangu haijabadilika kitu, basi sio taa. Naingia dari kesho.

MwishoWaReli

Wakuu leo ni siku ya nane tangu niandike mara ya mwisho. Taa nilihamisha na kubadilisha, jioni ikawa 66, 67, taarifa inaangaliwa mwanzo mwisho. Nilikaa kimya makusudi nikisubiri mvua kubwa, sikutaka kuja kutangaza mapema.

Mvua ikaja Alhamisi. Wakati inanyesha na saa mbili baadae ubora ulishuka hadi 48, majani yakikauka unarudi 66. Nikatoka nikasimama nyuma ya antena nikaangalia inakoelekea, mbele yake pana mwembe wa kwenye uwanja wa nyumba. Ulipofungwa ule mlingoti miaka hiyo mwembe ulikuwa mfupi, sasa umeipita antena.

Kuukata haiwezekani. Marehemu mzee ndo aliupanda na bi mkubwa hataki hata kusikia. Nikahamishia antena upande wa pili wa paa, mita nne tu kutoka pale, mwembe ukabaki pembeni. Ubora 76. Jana imenyesha tena kubwa usiku: 72, haikuganda.

FundiMwanga

Majani yaliyolowa yanameza sana haya mawimbi, miembe na michikichi hasa. Na mita nne sio kidogo kwenye UHF, urefu wa wimbi lenyewe ni kama sentimita 43 hadi 63 kwenye masafa haya, kuna nyumba nimesogeza antena nusu mita tu ikapona. Kazi nzuri sana umefanya. Andika kwenye daftari nyuma ya mlango tarehe, namba za ubora na upande antena ilipoelekea, atakayekuja kutengeneza baadae aanzie hapo.

MwishoWaReli

Nimeandika tayari, nimebandika nyuma ya TV kwa tepu. Fundi Mungu akubariki, ukipita Ujiji nyumbani kwetu chai ipo, bi mkubwa ameniagiza niandike hivyo.

Jana saa mbili alikaa mpaka mwisho wa habari za hali ya hewa. Redio yake ipo kabatini.

Kibirizi_Ziwani

Mleta uzi ile TV ya sola ya mpwa wako inapatikana wikendi hii? Nimeelekeza antena upande wa mlima kama alivyosema fundi nimepata ubora 52 kutoka 15, nataka nipime waya wangu na mimi.

MwishoWaReli

Ipo mkuu, yupo kwangu hadi Jumapili. Njoo Jumamosi asubuhi, betri nitakuwa nimeichaji, na ubebe kipande kifupi cha RG6 chenye konekta pande zote mbili maana changu nimekitumia.